Alama Zinazohama

Aliileta mashine mgongoni, imefungwa kwa khanga, na alipoingia ofisini hakuiweka sakafuni. Aliitua juu ya meza ya Dakta Subilaga Mwakibete, katikati ya makaratasi, akafungua fundo bila haraka.

"Ugonile, dada," alisalimia kwa lugha ya kwao.

"Nigonile, mama. Karibu uketi."

"Naitwa Tusekile Mwambene. Nashona nguo kule Isanga. Hii ilikuwa ya baba. Tumemzika Jumanne."

"Pole sana kwa msiba."

"Nimeshapoa. Nina swali moja tu, nikijibiwa nitaondoka."

Mashine ile haikuwa ngeni kwa mtu yeyote Mbeya. Tangu ugonjwa wa kifua cha vumbi uingie nyanda za juu, karibu kila ukoo ulikuwa na mzee mmoja anayeishi kwa mashine ya oksijeni. Wenyewe waliiita pumzi. Ilikuwa na ukubwa wa ndoo ya lita ishirini, ilivuma kutwa kucha, na betri yake ya ndani ilidumu dakika ishirini na tano, si zaidi.

"Jirani yangu naye ana pumzi, ya mama yake," alisema Tusekile. "Ukuta tunachangia. Alhamisi ya wiki iliyopita, mchana kweupe, kwangu umeme ukakatika. Kwake taa zinawaka na redio inaimba. Betri ya ndani ikaisha; aliponisikia napiga kelele akanirushia waya nivute kwake. Niliuingiza dirishani, nikageuka, baba alishamaliza. Sasa ninyi mnatutangazia kwamba Mgawaji anajua kila penye mgonjwa na hakati hapo. Mbona wa jirani alimjua na wa kwangu hakumjua?"

Subilaga alikuwa na jibu lililokwisha andikwa, na aibu ya kulitoa hakuwa nayo bado. Alisema kwamba katika miaka minne Mgawaji hajapatikana na kosa hata moja la namna hiyo. Alisema labda mashine ilikuwa mbovu.

"Iwashe," alisema Tusekile.

Aliichomeka. Ikavuma vizuri kabisa, ikaanza kupumua yenyewe juu ya makaratasi, na Tusekile akafumba macho mpaka ilipozimwa.

"Ibaki hapa," alisema, akikunja khanga yake. "Mkipata jibu mtanirudishia na jibu."

* * *

Mgawaji hakuwa mtu wala hakuwa na sura. Ilikuwa programu, na Subilaga ndiye aliyeongoza kuitengeneza, hapo Taasisi ya Gridi Tambuzi, wakati mabwawa yalipoanza kukauka na jenereta za dizeli zilipopigwa marufuku. Zamani umeme ukipungua mtaa mzima ulizimwa, mwenye friji ya bia na mwenye mgonjwa mahututi pamoja. Mgawaji alikata nyumba moja moja. Alisikiliza kila mita ya mkoa, kwa sababu kila kifaa kikiwashwa huacha alama yake kwenye mkondo wa umeme: pasi ina yake, pampu ina yake. Kompresa ya pumzi ilikuwa na alama iliyo wazi mno, tena kila moja ilichakaa kwa namna yake, hata ungeweza kuitambua mashine fulani kama unavyomtambua mtu kwa mwendo kabla hujamwona uso. Palipo na alama ile, Mgawaji hakugusa. Wananchi hawakuambiwa anasikiliza nini. Wangeambiwa, kila mwenye bomba la kujaza upepo kwenye matairi angeliingiza sebuleni aliwashe.

Na hapo ndipo tatizo lilipokuwa limeanzia. Kompresa za matairi na za kupuliza rangi zilifanana sana na pumzi, na mafundi wake walizunguka nazo, leo wanachomeka hapa, kesho pale. Katika data za mwanzo kulikuwa na alama maelfu za kuhamahama. Subilaga aliziita kelele. Aliandika sheria fupi, mistari sita tu: alama isiyokaa kwenye mita moja siku ishirini na moja mfululizo, ipuuzwe. Mgonjwa hana magurudumu, aliwaambia wenzake siku hiyo, wakacheka, wakaenda kunywa chai.

Alifungua kumbukumbu za nyumba ya Tusekile. Alama ilikuwepo. Mgawaji aliisikia vizuri kwa siku kumi na moja, na kila siku aliandika pembeni yake neno moja: kelele.

Siku kumi na moja. Kabla ya hapo mzee alikuwa wapi?

Hakulipata jibu ofisini. Alilipata nyumbani jioni ile, kabla jua halijazama, aliponyoosha mkono kufungua friji achukue maziwa. Kwenye mlango wa friji kulikuwa na karatasi aliyoibandika kwa mkono wake mwenyewe, na juu yake ameandika: *Zamu ya Mama. Subi, wiki mbili. Anyosisye, wiki mbili. Lugano, wiki mbili.*

Alisimama na mlango wazi mpaka friji ikaanza kulia.

Nani Mbeya asiyejua? Mzazi akiugua hakai kwa mtoto mmoja. Watoto hukaa kikao, wakapanga zamu, na mgonjwa akahamishwa na godoro lake na mashine yake, ili mzigo usimwelemee mmoja na baraka zisiende kwa mmoja. Mtu anayemng'ang'ania mzazi peke yake husemwa. Mama yake mwenyewe alikuwa ametoka hapo Jumapili iliyopita kwenda kwa kaka yake Anyosisye, na Subilaga ndiye aliyemfungia mkanda wa gari. Miaka mitatu amekuwa akifanya hivyo. Mtaalamu mzima, na hakuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Nyumba yake ilikuwa kwenye laini ya Taasisi isiyokatwa kamwe, kwa kaka na kwa mdogo wake alikwisha nunua betri kubwa ya saa tatu inayohama na Mama, na basi, giza halikumgusa, akaridhika.

Alichukua kompyuta akaiondoa ile mistari sita kwenye nakala ya majaribio. Ramani ya jiji ikajaa nukta. Zilitoka Uyole zikaenda Ilemi, zikatoka Ilemi zikaenda Sinde, kila baada ya wiki mbili, nyingi zikihama Jumapili baada ya ibada. Mafundi wa matairi hawangojei ibada iishe. Wale walikuwa wazazi wa watu.

Kisha akatafuta zile zilizozimika wakati wa mkato na hazikuwaka tena mahali popote. Zilikuwa sitini na tatu. Alilia pale mezani, kwa sauti, peke yake, na hakujaribu kujizuia.

* * *

Profesa Ambakisye Mwasomola alimfundisha Subilaga tangu hajui kushika nyaya, na ndiye mkurugenzi wa Taasisi. Jumamosi asubuhi alisoma ripoti yake yote, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti.

"Umemwonyesha nani?"

"Wewe tu, Mwalimu."

"Kesho saa tisa alasiri wanazima mtambo mkubwa bwawani. Bawa la gurudumu lake la maji lina ufa, haliwezi kungoja hata siku moja. Dakika hamsini, Mgawaji atakata theluthi ya nyumba za mkoa. Hilo unalijua."

"Ndiyo maana nimekuja leo. Wapo wagonjwa mia tatu na ishirini ambao bado ni kelele. Tuondoe sheria ya siku ishirini na moja."

"Umepiga hesabu?"

Alikuwa amepiga, ndiyo sababu sauti yake ilikuwa ndogo. Ukiiondoa sheria, Mgawaji angewalinda wagonjwa pamoja na kila kompresa ya fundi na kila mashine ya kupuliza rangi, mita zaidi ya elfu nne, na kesho asingepata pa kukata pa kutosha. Gridi ya mkoa ingeanguka yote. Kuiinua tena ni siku mbili, tatu.

"Mara ya mwisho ilipoanguka nilikuwa wodi ya watoto njiti," alisema Profesa. "Nilibeba betri kwa mabega haya kutoka kwenye magari ya watu. Tuliwapoteza watoto mia na arobaini, Subi. Niliwaona. Wewe hukuwaona. Usidhani mimi sina moyo."

"Basi tuwaambie watu."

"Uwaambie nini? Ukisema Mgawaji anasikiliza kompresa, kabla ya Jumatano kila nyumba itakuwa na kompresa. Hapo hatakuwa na maana tena, na tunarudi kulekule wodini." Alivaa miwani. "Sheria mpya haiwezi kuandikwa na kupimwa kabla ya kesho, ila zipo zile nafasi arobaini za mkono, za kuandika mita isiguswe. Nakupa zote. Chagua nyumba arobaini, ujaze, unyamaze. Wiki ijayo tutatafuta dawa taratibu."

"Arobaini kati ya mia tatu na ishirini."

"Ndiyo. Mimi nisingependa kuwa wewe."

Alikaa na orodha ile mpaka adhuhuri. Alijaribu kuchagua kwa umri, akaona haya. Akajaribu kwa kura, akaona haya zaidi. Mita ya kaka yake, kule Mwanjelwa, ilikuwa ya mia moja na nane kwenye orodha, na jicho lake lilikuwa likirudi hapo kila mara hata alipoliambia lisirudi. Akapiga simu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula? Maana wewe ukishika kompyuta hata uji unakusahau."

"Nimekula. Ile betri kubwa ipo?"

"Ipo chini ya kitanda, nainyooshea mguu kila nikiamka. Hapa kwa kaka yako nakula ndizi tamu kuliko zako, nikwambie ukweli. Zamu yako ikifika utabidi ujitahidi."

Subilaga alicheka, na moyo ukamtulia. Betri ipo. Wapo watu mia tatu wasio nayo. Asingeweza kumpa nafasi mama yake mwenye saa tatu za akiba akamnyima mtu mwenye dakika ishirini na tano. Aliifuta mita ya kaka yake kwenye orodha akahisi, kwa mara ya kwanza tangu jana, kwamba amefanya jambo la haki.

Wazo lilimjia akiwa bado ameshika simu. Mia tatu na ishirini kwa arobaini ni nane. Na hawa ni watu ambao kuhamisha mgonjwa kwao si kazi, ni desturi. Godoro, mashine, safari. Nyumba arobaini zenye umeme wa uhakika, wagonjwa wanane wanane. Kilichohitajika ni kuwaambia ukweli tu.

Alijua maana yake. Ingekuwa mwisho wa siri ya Mgawaji, na pengine mwisho wa Mgawaji mwenyewe. Wale watoto njiti wa Profesa aliwafikiria, wa mwaka huu na wa miaka ijayo. Kilichomjia ni ile sura ya Tusekile aliyefumba macho mashine ilipovuma.

Nyumba ya kwanza aliyoipigia ilikuwa ya Tusekile.

"Jibu lako nimelipata," alimwambia, akamweleza lote, na mistari sita, na nani aliyeiandika, na mzaha wa siku ile.



"Mgonjwa hana magurudumu," alirudia Tusekile. "Ulisema hivyo, na zamu unaijua?"

"Nilisema hivyo."

"Sitakwambia nimekusamehe, maana sijakusamehe. Lakini sebule yangu ni kubwa. Waniletee wanane."

* * *

Jumapili saa nne asubuhi, ibada za kwanza zikitoka, simu mia tatu na kumi na tisa zililia kwa pamoja. Kila mita ilikuwa na namba ya mwenye nyumba, na Subilaga alimwandikia kila mmoja: Mgawaji humtambua mgonjwa kwa kompresa ya mashine yake, na wako hamtambui kwa sababu amehama karibuni. Leo saa tisa umeme wako utakatika. Mpeleke na mashine yake nyumba fulani, mtaa fulani, kabla ya saa nane. Chini aliweka jina lake kamili.

Kaka yake hakumwandikia. Wa nini kumtia wasiwasi mtu mwenye betri?

Watu waliamini upesi kuliko alivyotarajia. Walihama kwa bajaji, kwa toroli, kwa migongo ya wajukuu. Nyumba yake mwenyewe, ambayo haikuhitaji nafasi ya mkono, aliifungua pia, na bibi mmoja wa Itiji akalazwa kwenye kitanda cha Mama, akasifu blanketi. Wapo waliokataa. Baba mmoja wa Sinde alimpigia kumtukana, kwamba hawezi kumpeleka mama yake kwa watu asiowajua kwa sababu ya meseji ya mwendawazimu. Subilaga alimpigia mara tatu kumsihi. Mara ya nne hakupokea.

Saa nane na nusu Profesa aliingia maabara na simu mkononi. Hakupaza sauti.

"Umeniua, Subi. Na si mimi peke yangu."

"Najua, Mwalimu."

Profesa alitazama skrini. Nukta zilikuwa zimejikusanya makundi makundi, pale saba, pale nane, zikipumua. Alivuta kiti akaketi kando yake, na hilo Subilaga hakulisahau maisha yake yote.

Saa tisa kamili mtambo ukazimwa. Mgawaji akakata theluthi ya mkoa kwa muda wa kupepesa macho. Zile nyumba arobaini zikabaki zinawaka. Kwenye sebule ya Tusekile alama nane ziliendelea kuvuma bila kukosa hata pigo, na yeye akatuma meseji ya maneno mawili: *Wote wapo.* Nje ya makundi kulikuwa na nukta ishirini na tisa zilizotoweka, za waliokataa na wasiosoma simu, na moja ya Mwanjelwa, ambayo hakuitilia maanani. Betri haiko kwenye mita. Ni kawaida isionekane.

Saa kumi kasoro dakika kumi umeme ukarudi. Nukta zikaanza kuwaka tena moja moja, na Profesa akawa anazihesabu kwa kidole. Ishirini na mbili zilirudi, wenyewe walikuwa wamepata vibetri vya kuazima. Ya yule mama wa Sinde haikurudi. Subilaga aliandika mita yake kwenye daftari. Aliandika nyingine sita. Kisha akatazama Mwanjelwa, akangoja kaka yake atoe plagi kwenye betri airudishe ukutani. Alingoja dakika tano. Wanaume wavivu, alijiambia. Alingoja nyingine tano.

Simu iliita yenyewe.

"Subi." Anyosisye alikuwa anahema. "Subi, njoo."

"Betri, kaka. Mchomeke kwenye betri."

"Betri niliipeleka kwa mama Atuganile, ile nyumba ya wagonjwa mliyoichagua hapa mtaani. Walisema mashine nane, waya mmoja, wakaogopa usije ukaungua, nikaona tuwasaidie. Watu wote mtaani wanasaidiana leo kwa ajili ya meseji yako."

"Na Mama?"

"Mimi meseji sikupata. Nikajua sisi tumo kwenye wale anaowatambua. Nilisema, huyu mtoto wake ndiye mwenye Mgawaji, atamwachaje mama yake nje?" Kilio cha wanawake kikasikika nyuma yake. "Umeme ulipozimika nilidhani ni kosa, utarudi sasa hivi; betri ya ndani ilipolia kuisha ndipo nikakimbia kuifuata, Subi. Nilikimbia. Ni nyumba nne tu."

Profesa alimshika bega. Hakusema habari ya watoto njiti, wala ya kompresa ambazo fundi mmoja wa mtaa wa Soweto alikwisha anza kuzitangaza redioni jioni ile kwamba zinalinda nyumba. Alichukua daftari taratibu kutoka mkononi mwake, akaandika mita ya nane mwenyewe, kwa sababu Subilaga hakuweza.

Alipofika nyumbani kubadili nguo aende msibani, wagonjwa wa watu walikuwa bado wamo, wakingoja bajaji. Bibi wa Itiji alimwita kutoka kitandani, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu, Mungu akubariki. Wenye kitanda hiki wakirudi, uwaambie nimeshukuru."

"Nitawaambia, bibi," alisema Subilaga, akaenda jikoni, akaibandua ile karatasi kwenye mlango wa friji.